Jina Langu kwenye Jalada la Chura

Jumatatu, 6 Oktoba

Ukungu. Magoti yanauma. Simu imelia asubuhi, nikadhani ni wale wauza umeme, nikajibu kwa ukali. Kumbe ni heshima inabisha hodi, imechelewa miaka arobaini.

Mpigaji ni Bwana Tancredi wa Genova, mwenye kampuni ndogo ya kufufua santuri zilizosahauliwa. Anataka kutoa upya "Hija ya Chura". Santuri yetu, ya kwanza na ya mwisho. Bendi: Ghala la Askofu. Mwaka 1973, vijana wanne wenye nywele ndefu kutoka mashamba ya mpunga ya Vercelli. Roki progresivu hasa, si mchezo: wimbo mmoja unakula upande mzima wa santuri, na chura anatoka kwenye jaruba kwenda Roma kwa miguu kutafuta roho yake. Walioinunua walikuwa wachache, wengi wao shangazi zetu. Zilizobaki zilirudishwa kiwandani zikasagwa. Leo Wajapani wanaitafuta kama dawa.

Nikauliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, jalada litasomekaje. Akasema kama lilivyokuwa. Muziki: Maestro Gaudenzio Rolla.

Rolla. Mpiga akordioni wa ukumbi wa dansi!

Niandike hapa, maana hakuna mwingine atakayeandika. Zamani zile hukuweza kutia sahihi muziki wako mwenyewe mpaka ufanye mtihani wa chama cha watunzi. Wanakufungia chumbani na penseli, wanataka wimbo mtamu wenye mapigo yanayoeleweka. Mimi niliwapa dhoruba ya mapigo saba, katikati ikigeuka kumi na moja. Wakanifelisha. Basi bendi kama zetu zilimtafuta yeyote mwenye cheti atie sahihi kwa niaba. Sisi tulimpata Rolla. Alisaini juu ya boneti ya gari lake, nje ya ukumbi, kati ya tango na walsi, mkono wa pili umeshika mkate wa soseji. Hakuuliza hata jina la wimbo.

Na sasa Osaka kuna chama cha kumsoma Rolla. Wanamwita fumbo. Bwana Tancredi ameniambia hayo kwa furaha, kama vile ni habari njema kwangu. Mimi, niliyetunga kila noti, nimekula miaka thelathini nikifundisha watoto wa watu kupuliza vifilimbi vya plastiki.

Nikapiga kelele kidogo. Akasema sawa, Rolla amekwisha kufa, lakini mrithi wake akikiri mbele ya Tancredi mwenyewe kwamba muziki ni wangu, jina litabadilishwa. Anakuja Jumapili, sikukuu ya mavuno ya mpunga.

Mrithi ni Bi Ermelinda, binti yake wa pekee. Anafundisha wazee dansi kwenye klabu ya wastaafu. Dada yangu Mafalda, ninayeishi naye kwa kukosa pa kwenda, ameuliza jikoni kama kweli chura wangu ameamka.  Kesho naanza dansi.


Jumanne, 7 Oktoba

Klabu ya wastaafu inanuka kahawa na mafuta ya kuchua viungo. Nimevaa suti ya mazishi. Bi Ermelinda amenipokea vizuri, akasema hakutegemea kuniona, maana nilikuwa nikisema kila mahali kwamba dansi ni ugonjwa wa wakulima. Ana kumbukumbu mbaya huyu mama.

Mpango ulikuwa rahisi. Kucheza naye walsi moja, kumsifu, kumdokezea habari ya jalada. Sikufika kwenye kudokeza. Nimemkanyaga. Mara ya pili nimemkanyaga palepale. Mimi nahesabu saba tangu ujana, damu yangu yenyewe inahesabu saba, nifanyeje? Akacheka, akasema, "Ottavio, walsi ni tatu tu. Moja, mbili, tatu, basi. Hayo mengine manne unayoyaongeza yanatoka wapi?" Ukumbi mzima ukacheka, hata wale wasiosikia vizuri.

Halafu mlango ukafunguka. Pautasso.

Ludovico Pautasso, mpiga filimbi wetu. Aliyetukimbia mwaka 1974 kwenda kupigia watalii kwenye meli. Hatujasalimiana tangu siku hiyo, ingawa anaishi mtaa wa nyuma yangu na kila asubuhi nalazimika kusikia filimbi yake. Nywele bado anazo zote. Viatu vyeusi vya dansi vinang'aa. Akamchukua Bi Ermelinda wakateleza sakafuni kama siagi kwenye kikaango, akaninong'oneza akipita, "Na mimi Tancredi amenipigia, ndugu yangu."

Sasa naye anataka jina. Atadai kwamba sauti tamu zote zilitoka kwenye filimbi yake. Yaani aliyepuliza ndiye aliyetunga! Nyani haoni kundule.


Alhamisi, 9 Oktoba

Jana nililala na chupa ya maji ya moto miguuni, nikafikiri. Pautasso bila viatu vile ni mzee kama mimi. Leo nimewahi klabuni. Viatu vilikuwa kwenye mfuko wake chini ya koti, mwenyewe yuko kaunta anakunywa kahawa na kuwasimulia wajane habari za meli. Nikavichukua. Pa kuvificha? Piano ya klabu. Nikafungua mfuniko wa juu, nikavitumbukiza ndani, nikaketi kwenye kiti cha mbali nikasoma gazeti. Kazi safi.

Pautasso alitafuta, akakosa, akacheza na soksi. Wajane wakaona soksi zile ni jambo la kupendeza. Sielewi wanawake.

Kisha redio ya Bi Ermelinda ikaumwa. Ikameza kaseti. Akageuka, akasema, mbele ya watu wote, kwamba tuna bahati, kuna mwalimu wa muziki ukumbini. Ottavio atupigie piano.

Nikasema vidole vinaniuma. Akasema ni walsi moja tu. Nikasema sipigi vitu vya namna hiyo. Mama mmoja akauliza basi napiga vya namna gani. Nikaketi. Nikapiga. Nusu ya piano ikatoa sauti, nusu ikakohoa. Bi Ermelinda akasema labda kuna panya, akafungua mfuniko, akachomoa kiatu. Akachomoa na cha pili. 

Pautasso hakukasirika, ndilo linaloniuma. Alivaa viatu vyake taratibu, akafunga kamba, akasema, "Ungeniomba tu, ningekuazima. Lakini miguu yako mikubwa."

Nilipokuwa nachukua koti Bi Ermelinda akanifuata mlangoni. Akauliza shida yangu hasa ni nini, kwa sababu mtu wa miaka yangu hafichi viatu bila sababu. Nikamwambia yote. Mtihani, boneti, mkate wa soseji, Osaka. Akasikiliza. Akasema hajawahi kuisikia hiyo santuri hata mara moja, baba yake alikuwa nayo moja akaitumia kufunika sufuria ya maharage. Niende kesho nimpigie. Akisikia si kazi ya baba yake, atasema hivyo.

Nimeshinda! Mafalda anasema nisitangulize sherehe. Wivu.


Ijumaa, 10 Oktoba

Sijui nianzie wapi. 

Nilikwenda na mashine yangu ya santuri kwenye toroli la sokoni. Jikoni kwake, Bi Ermelinda alikuwa ameketi akichambua maharage. Pautasso naye alikuwepo, eti alipita na keki. Nikaweka upande wa kwanza.

Dhoruba ikaanza. Mapigo saba, kinanda changu kikinguruma, Pautasso wa zamani akilia na filimbi juu yake. Bi Ermelinda akakunja uso kama mtu anayesikia bomba la maji linapasuka. Safi sana. Akasema baba yake asingeweza kuandika kitu hiki hata kwa kulipwa, alikuwa mtu mpole. Nikamtazama Pautasso. Pautasso alikuwa anatazama keki.

Kisha ikaja ile sehemu ya utulivu. Chura amefika mtoni usiku, amechoka, anaimba. Kinanda peke yake, taratibu. Hapo ndipo Wajapani wanapolia, Tancredi ameniambia. Nilifumba macho, kama ninavyofanya siku zote.

Nikasikia mtu anaimba pamoja na santuri.

Bi Ermelinda. Maharage mkononi, macho yamejaa machozi, anaufuata wimbo noti kwa noti, na mahali kinanda changu kinapokwenda chini yeye anakwenda chini kabla yake. Akasema huo ni wimbo wa baba wa kufungia ukumbi. Kila Jumamosi, taa zikipunguzwa, aliwapigia watu huo wakatafute makoti yao. Hakuuandika popote. Alimwimbia na yeye alipokuwa mtoto mwenye homa. "Tangu azikwe sijausikia," akasema. "Ulikuwa wapi nao, Ottavio?"

Nikasema ni sadfa. Noti ziko saba tu duniani, zitakutana.

Pautasso akasema, bila hata kuinua kichwa, kwamba majira matatu ya kiangazi nilikuwa nikimbebea Maestro akordioni na kukaa nyuma ya jukwaa mpaka ukumbi ufungwe.

Nilikuwa nabeba! Sikuwa nasikiliza! Nani anasikiliza muziki wa namna ile? Nilikuwa kijana mwenye mawazo makubwa, nasubiri gari litushushe mimi na lile sanduku la akordioni. Na kama kweli nyimbo hizi zinafanana, kwa nini kila mtu anadhani aliyeiba ni mimi? Huenda nilikuwa naimba kwa pua nikibeba, mzee akadaka. Watu wa dansi hudaka chochote. Hili la kwamba alimwimbia binti yake utotoni ni neno la mwanamke anayempenda baba yake.

Nimeondoka bila keki. Toroli limepoteza gurudumu moja barabarani.


Jumamosi, 11 Oktoba

Asubuhi nimempigia Tancredi. Nimemshauri, kama mtaalamu, aikate ile sehemu ya utulivu. Nikasema ni kasoro ya studio, tulikuwa tumechoka, inaharibu mtiririko wa dhoruba. Akacheka. Akasema bila dakika zile hakuna anayehitaji zilizobaki. Mwenye adabu angelisema kwa namna nyingine.

Mchana Bi Ermelinda amekuja nyumbani. Mafalda akampa wali wa maharage na divai, wakaongea kwanza habari za nyonga na madaktari, mimi nikingoja kama mshtakiwa. Halafu akasema amefikiri. Dhoruba, mto, Roma, kelele zote zile, ni zangu, na atamwambia Tancredi hivyo mbele ya yeyote. Jina langu liandikwe kubwa. Anaomba kitu kimoja: ule wimbo mdogo wa mtoni uandikwe jina la baba yake. Basi. Pautasso amekubali, hadai kitu, anataka tu picha yake ndani ya jalada iwe ile ya nywele nyingi.

Mafalda akasema, "Haya, mshukuru mama wa watu." Akanitazama kwa jicho lile alilorithi kwa marehemu mama.

Nikasema nitafikiri.

Nimefikiri. Ni tusi. Wananipa mifupa na kuchukua nyama. Nani atasoma jina langu juu ya dhoruba akijua kwamba machozi ni ya mwingine? Kila Mjapani atakayelia atalia kwa ajili ya Rolla. Miaka arobaini nimevumilia mfuniko wa maharage, sitakubali sasa robo tatu ya haki yangu. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Mafalda amepita na chupa zake za jamu, akaniambia mimi ni mjinga, na kwamba Bi Ermelinda hatakuja kunipigia magoti. Tutaona. Kesho nitaongea na Tancredi ana kwa ana. Na atakuwa na wageni kutoka Osaka, mume na mke. Watataka sahihi, hawa watu hutaka sahihi. Nimechukua kalamu nene ya Mafalda ya kuandikia chupa za jamu. Wino wake hauoshiki.


Jumapili, 12 Oktoba

Nitaandika upesi kabla Mafalda hajaanza tena.

Sikukuu imejaa. Bendi ya manispaa, trekta zimepambwa, foleni ya vyura wa kukaanga inafika kanisani. Tancredi ni mfupi kuliko sauti yake. Wageni ni Bwana na Bibi Hirabayashi, watu wa heshima, wamevaa kofia zinazofanana. Walipotambulishwa kwangu waliinama. Niliona haki imeanza kutembea. Kisha Bwana Hirabayashi akauliza, kwa Kiitaliano chake cha vitabuni, ilikuwaje kuishi karibu na Maestro.

Hawakutaka chakula. Walitaka kaburi.

Tukaenda wote: wageni, Tancredi, Bi Ermelinda, Pautasso na filimbi yake. Rolla hakuzikwa ardhini, yuko ndani ya ukuta wa makaburi, safu ya juu kabisa ya majeneza, kwa hiyo lazima kusukuma ile ngazi ya chuma yenye magurudumu. Nani ameisukuma? Nani ameishikilia? Bwana Hirabayashi akapanda polepole na ua moja, akaisafisha kwa leso ile picha ya Rolla iliyo kwenye jiwe la kaburi, Rolla anacheka na akordioni yake, akainama huko juu mpaka nikaogopa ataanguka. Kisha mke. Kisha wakaniomba niwapige picha. Nikawapiga. Niko nyuma ya kamera, kama kawaida.

Pautasso akapiga wimbo wa mtoni. Hakuna aliyemwomba. Bi Ermelinda akalia, Bibi Hirabayashi akamshika mkono, na wanawake wawili wasioelewana neno wakasimama vile mpaka ukaisha. Tancredi akanong'ona kwangu kwamba Bi Ermelinda ameshamwambia yote, kwamba jina langu litaandikwa kubwa, na la baba yake dogo kwa ule wimbo mmoja tu, na kwamba yeye Tancredi anaona ni haki. Nikubali tu, akachape.

Ningekubali. Naandika hapa wazi, ulimi ulikuwa umeshaanza kukubali. Lakini Bwana Hirabayashi akafungua mkoba, akatoa kutoka ndani ya plastiki, na ndani ya plastiki nyingine, "Hija ya Chura". Yenyewe, ya 1973. Jalada halina hata mkunjo. Chura wetu wa kijani kana kwamba amechorwa leo. Amesema aliitafuta nusu ya maisha yake. Akaomba tutie sahihi.

Pautasso akatia kwa penseli, ndogo, pembeni, nyuma ya karatasi ya ndani. Mwoga.

Mimi nikatazama. Pale chini, kwa herufi nyeupe: Muziki, Maestro Gaudenzio Rolla. Kalamu ya jamu ilikuwa tayari wazi. Sikuichagua mimi nafasi ile. Mkono ulijua unakokwenda. Nikaandika OTTAVIO BERSANO juu ya jina lake, herufi kwa herufi, nene, mpaka jina la chini halisomeki tena. Nikapulizia ikauke.

Bibi Hirabayashi akatoa sauti ndogo.  Mume wake alishika jalada kwa mikono miwili, akaliangalia, akaniinamia, na kulirudisha kwenye plastiki ya kwanza, kisha kwenye ya pili. Afadhali angenipiga.

Pautasso akasema, "Ee, Ottavio. Mchimba kisima huingia mwenyewe."

Bi Ermelinda alikuwa bado kashika ile ngazi. Hakupaza sauti. Akasema, "Kumbe hata hapa mbele yake humwachii baba jina lake." Akamgeukia Tancredi, akamwambia liandikwe kama lilivyokuwa mwanzo. Lote. Kisha akaenda kuwasindikiza wageni kula vyura.

Mimi nimeachiwa kurudisha ngazi.


Jumatatu, 20 Oktoba

Wiki nzima kimya. Hakuna anayenisalimia klabuni, nami siendi. Mafalda ameandika jamu mpya kwa penseli, makusudi. Tancredi ameleta kielelezo cha jalada: Muziki, Maestro Gaudenzio Rolla. Katikati, picha kubwa ya Pautasso na nywele zake. Mimi nipo pembeni, nusu ya uso, nyuma ya kinanda. Bi Ermelinda ataandika maneno machache juu ya baba yake, na yatafasiriwa kwa Kijapani.

Waache. Dunia ina deni langu la siku nyingi. Nimejifunza jambo moja: kosa langu lilikuwa kumruhusu mwingine asaini. Sasa mtihani ule umefutwa, mtu yeyote anajisajili mwenyewe.

Na nina la kusajili. Tangu asubuhi nimepata wimbo mpya. Umekuja mzima mzima, mwanzo na mwisho, nikiwa nimesimama kwenye dirisha la nyuma nangoja kahawa ichemke. Mtamu, wa huzuni, unapanda kisha unasita, halafu unashuka kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Sijui umetoka wapi. Muziki mkubwa ndivyo unavyokuja. Ajabu ni kwamba nimeweza kuusikia kabisa, maana Pautasso alikuwa ameacha dirisha lake wazi kama kawaida, akifanya mazoezi na kunipigia kelele za filimbi muda wote ule.

Nimeuandika wote. Juu, kabla ya noti ya kwanza, nimeweka jina langu kwa kalamu ya jamu.